Upande wa Kukataa

Méthode alikuwa ameshawaalika watu wa Misunkumilo kabla hata binti yake hajajua atasema nini. Aliwaalika kanisani baada ya misa, akawaalika mashineni wakisubiri mahindi yao yasagwe, akawaalika hata watu aliokutana nao njiani wakiwa na haraka zao. "Jumamosi, ukumbini Makanyagio," aliwaambia. "Ernestine wangu anatutetea. Na jaji atakuwepo, na majoho." Mtu akiuliza anawatetea dhidi ya nani, Méthode alicheka tu na kumwambia aje ajionee.

Jaji hakuwa jaji kweli, wala kesi haikuwa kesi, lakini hayo Méthode aliyaona madogo. Ernestine alikuwa mwaka wa mwisho wa sheria. Chama cha wanafunzi wenzake kilikuwa kimeamua kwamba safari hii Wiki ya Katiba isifanyike chuoni, ambako wanasheria huwahubiria wanasheria, bali iletwe Mpanda. Wiki nzima vijana hao walizunguka sokoni na mashuleni wakieleza haki za raia, na watu wakawauliza habari za mipaka ya mashamba, za talaka, na za ng'ombe walioingia kwenye mihogo. Kilele kilikuwa Jumamosi, mahakama ya kuigiza: kesi ya kutunga, mawakili wanafunzi, na jaji wa kuazima, Wakili Selestine, mwenye ofisi yake hapo mjini na sifa ya kutocheka.

Kesi yenyewe ilimhusu mtu aliyeitwa Bwana Z. Wazazi wake walikuja nchini wakikimbia machafuko kwao. Yeye akakulia hapa, akalima hapa, akaoa hapa, mwishowe akapewa uraia kwa cheti, uraia ambao wanasheria huuita wa tajnisi. Alipotaka kugombea uenyekiti wa mtaa, mtaa ukamkatalia kwa kanuni yake iliyosema kwamba mgombea lazima awe raia wa kuzaliwa. Swali likawa: je, mtaa ulivunja Katiba?

"Bwana Z," alisema Thacienne, mama yake Ernestine, aliposimuliwa. "Hata jina la ubatizo hana, maskini."

Méthode hakuhitaji jina. Bwana Z alimfahamu vizuri sana, alimnyoa ndevu kila asubuhi kwenye kioo.

Miaka kadhaa nyuma, kwenye mkutano wa mtaa, mtu fulani alitaja jina la Méthode kwa uenyekiti. Kabla hajapatikana wa kuunga mkono, sauti ikasikika kutoka nyuma: "Huyo si wa hapa." Haikuwa sauti ya ugomvi. Ilisemwa kama mtu anavyosema kwamba leo ni Jumanne. Wengine wakacheka, wengine wakatazama viatu vyao. Méthode naye akacheka, akasema kweli jamani, ana kazi nyingi, watafute mwingine. Tangu siku hiyo mikutano ya mtaa alihudhuria, akaketi, akanyamaza mpaka mwisho.

Na huyu hakuwa mtu wa kunyamaza! Katika harusi za Warundi wenzake wa upande ule wote, siku ya kuposa kila familia huja na msemaji wake. Msemaji wa upande wa kijana huomba, na wa upande wa binti hukataa. Hukataa hasa, ingawa vinywaji vimeshanunuliwa na mbuzi ameshachinjwa. Atasema binti mnayemtafuta hatumjui. Akibanwa, atasema tunamjua lakini kasafiri. Akibanwa zaidi, atauliza nyie ni kina nani hata mje kuomba hapa, mpaka wale waombaji watoe maneno mazuri kuliko yote waliyokuja nayo. Hapo ndipo atakapokubali, na watu watakunywa. Méthode alikuwa msemaji wa kukataa, na hakuwa na mpinzani. Wasemaji walegevu aliwadharau waziwazi. "Anamtoa binti wa watu kama anarudisha chupa tupu dukani," alikuwa akisema, na kusonya.

Alhamisi, pande za kesi zikapangwa kwa kurusha sarafu. Imakulata, mwenyekiti wa chama cha wanafunzi, aliirusha juu, akaidaka, akafunua kiganja. Bwana Z akaangukia kwa mwanafunzi mwenzao Malale. Ernestine akabaki na mtaa, ule mtaa uliokataa.

Alisimama pale akiitazama sarafu kama kwamba ingeweza kujirekebisha. Malale, kijana wa wafugaji wa Kisukuma kutoka upande wa Ugalla, akamwonea huruma.

"Tubadilishane," alisema. "Mimi nitamkataa huyo jamaa bila kupepesa. Sisi wenyewe tumekuja juzi tu na ng'ombe wetu, nani atanisema?"

"Hakuna kubadilishana," akasema Imakulata.

"Baba yangu amealika Misunkumilo nzima," Ernestine akamwambia. "Amewaambia ninawatetea."

"Pole sana," Imakulata akajibu. "Lakini ukizoea kutetea unaowapenda tu, wewe si wakili, ni shangazi."

Ijumaa mchana Ernestine alijaribu kumwambia baba yake. Alimkuta akianika koti lake la kahawia, lile la harusi, ili lipigwe na upepo kabla ya kesho. "Baba, kuhusu hiyo kesi," alianza. Méthode akaziba masikio kwa mikono yote miwili. "Usinimalizie utamu! Nataka kuusikia na wenzangu." Akaenda kumpigia simu mwenye kirikuu, kigari cha mizigo alichokodi kuwabebea wageni wake, kuhakikisha kama gari limejazwa mafuta.

Basi akamwambia mama yake, jikoni. Thacienne alikuwa akikata lengalenga. Kisu kikasimama.

"Utayasema yale maneno?"

"Ndiyo hoja ya mtaa, mama. Bila hayo hawana kesi."

"Basi yaseme polepole," akamwambia, na kuendelea kukata mboga.

Ernestine akaenda kuyafanya polepole. Hotuba aliyoiandaa jioni ile ilikuwa na "huenda" nyingi na "pengine" nyingi. Ilikuwa hotuba ya mtu anayeomba radhi kwa kuwa na upande. Alijua kwamba angeshindwa nayo, na alikuwa tayari. Kushindwa kesi ya kutunga kulikuwa afadhali kuliko kumtonesha baba yake mbele ya watu aliowaalika mwenyewe.

Jumamosi kirikuu kilifika Makanyagio kimejaa vitenge na nyimbo. Waliokosa nafasi walikuja kwa baiskeli na bodaboda, ukumbi ukajaa mpaka watu wakaketi madirishani. Méthode alikaa mstari wa mbele kabisa, koti limefungwa vifungo vyote katika joto lile la Oktoba.

Wakili Selestine aliingia na joho lake, akagonga meza kwa nyundo ndogo ya mbao kuomba utulivu. Watu wote wa Misunkumilo wakajibu kwa makofi, pa, pa, pa, ya mpigo mmoja. Kwa Warundi, mtu mzito akisimama mbele ya watu hupewa amashi, makofi ya heshima, na mtu aliyejitangaza kwa kugonga meza walimwona anayasubiri. Jaji akashtuka, akagonga tena kwa nguvu zaidi. Wakampa tena, kwa nguvu zaidi. Akagonga mfululizo, nao hawakumwangusha. Ikabidi Imakulata ashike kipaza sauti na kueleza kwamba mheshimiwa anagonga ili watu wanyamaze. Watu wakaelewa, wakasikitika sana, wakamwomba msamaha kwa amashi. Inasemekana mdomo wa Wakili Selestine ulicheza kidogo upande mmoja, lakini ushahidi wa hilo haupo.

Malale alianza. Alisoma Ibara ya kumi na tatu, inayokataza watu kubaguliwa, na akatua kwenye maneno "pahala walipotokea" ili kila mtu ayapate. Akasoma Ibara ya ishirini na moja, kwamba kila raia ana haki ya kushiriki katika utawala wa nchi. "Kila raia, Mheshimiwa Jaji. Haikusema kila raia aliyezaliwa mtaani." Akaketi kwa vigelegele.

Ernestine akasimama. "Mheshimiwa Jaji, mimi ni Ernestine, na ninauwakilisha mtaa."

"Mtaa upi?" sauti ya mwanamke ikauliza kutoka katikati.

"Uliomkataa," Ernestine akajibu, kwa sauti ndogo.

Ukumbi ukapoa. Watu waliokuja kwa kirikuu wakageuka wote kumtazama Méthode. Alikuwa bado ana tabasamu usoni, ila ni wazi hakukumbuka tena kwamba analo.

"Huenda mtaa haukuwa na nia mbaya," Ernestine alisoma. "Pengine viongozi wake walikuwa tu na wasiwasi, na pengine wasiwasi huo, ingawa hauna msingi mkubwa..."

"Wakili," jaji akamkatiza, "umekuja na hoja au umekuja kuomba radhi?"

Kicheko kikapita. Ernestine akainua macho, akamtazama baba yake, kwa sababu hasira yake alikuwa ameshajiandaa kuivumilia. Hakuikuta. Méthode alikuwa ameshusha mabega, anatazama pembeni, na katika kimya kile Ernestine akamsikia akisonya. Aliijua sonyo ile. Ilikuwa ya chupa tupu.

Aliona aibu hasa, siyo ya kuwa upande wa mtaa, bali ya kusimama mbele ya msemaji mkubwa kuliko wote aliowahi kuwasikia na kukataa kwa ulegevu namna ile. Akazilaza karatasi zake kifudifudi juu ya meza.

"Mheshimiwa Jaji, naomba kuanza upya," alisema. "Mtaa wangu unasema hivi, na hauoni haya kusema: huyo si wa hapa."

Thacienne alishika ukingo wa kiti chake.

"Rafiki yangu anasema kutofautisha raia na raia ni ubaguzi. Je, amesoma Ibara ya thelathini na tisa? Katiba hiyo hiyo inasema anayetaka urais lazima awe raia wa kuzaliwa. Kama Katiba yenyewe inatofautisha kule juu, mtaa umekosa nini kutofautisha huku chini?" Sauti yake ilikuwa imetulia sasa, na ilifika mpaka madirishani. "Uraia wa cheti unaweza kufutwa kwa sababu ambazo haziugusi ule wa kuzaliwa. Leo tumkabidhi mtu muhuri wa mtaa, kesho cheti kikifutwa, barua alizozigonga tutazipeleka wapi? Na Ibara ya thelathini inasema haki ya mmoja isiharibu maslahi ya wote."

Akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu kuliko wakili anavyoruhusiwa, mpaka watu wakasogea mbele kwenye viti.

"Mwenyekiti wa mtaa ndiye anayeulizwa shamba hili lilikuwa la nani. Atajibuje mtu ambaye babu yake hakuzikwa hapa?"

Maneno yale yalimuuma akiyatoa. Na pamoja na maumivu, tuseme ukweli, aliona raha. Yalikuwa yakimjia yenyewe, moja likivuta jingine, na kila mwanya aliouacha ulijaa masikio ya watu. Alipanda, akashuka, akambana Malale kwa maswali, akamgeukia jaji kwa heshima na kumbana naye. Na polepole Misunkumilo ikaanza kuamka. Wale watu walikuwa wamekaa kwenye harusi nyingi, na walijua wanachokisikia.

"Anakataa huyo!" mtu akanong'ona.

"Anakataa kweli kweli. Ni Méthode mtupu."

Alipoketi, hawakungoja nyundo. Walimpa amashi, hao hao aliokuwa akiwakataa, kisha wakamgeukia Malale kwa hamu kubwa kuona sasa ataomba namna gani.

Malale alikuwa amejiandaa kujibu "huenda" na "pengine", kama Ernestine mwenyewe alivyomdokezea asubuhi. Karatasi zake hazikuwa na kitu. Alisimama, akajikuna kichwa, akajifuta jasho kwa mkono wa joho, na watu wakamhurumia waziwazi. "Jikaze, baba!" mama mmoja akampigia kelele.

"Ibara ya thelathini na tisa imesema raia wa kuzaliwa," alianza, akitafuta njia. "Imesema hivyo kwa sababu ilitaka kusema hivyo. Ibara ya ishirini na moja imesema kila raia. Nayo ilijua inachosema. Walioandika hawakuishiwa wino, Mheshimiwa. Wangetaka kutufungia mlango wa uenyekiti wa mtaa, wangeufunga kama walivyoufunga ule wa urais. Waliuacha wazi. Mtaa umepata wapi kufuli?"

Ukumbi ukaguna kwa kuridhika. Malale akapata nguvu.

"Anasema cheti kinaweza kufutwa. Na leseni yangu ya udereva inaweza kufutwa. Je, leo nisiendeshe? Anasema maslahi ya wote. Sawa, atuonyeshe huyu mtu ameharibu nini. Hajaonyesha. Kuogopa siyo ushahidi." Kisha akapunguza sauti. "Halafu anauliza makaburi. Babu yangu mimi kazikwa Shinyanga. Wa Mheshimiwa Jaji sijui kazikwa wapi, na siulizi. Ila tukianza kuulizana makaburi humu ndani, ukumbi huu utabaki na viti vitupu. Shamba ukitaka kulijua, humwulizi marehemu. Unamwuliza aliyelilima, na Bwana Z amelilima miaka yote hiyo."

Kelele zilizofuata jaji hakujaribu hata kuzizuia. Mama mmoja wa Kisukuma alipanda juu ya kiti kupiga vigelegele, na mzee wa Kirundi aliyekaa karibu naye akamshikia kiti asianguke. Zilipotulia, Wakili Selestine alisoma uamuzi: kanuni ya mtaa inapingana na Katiba, haina nguvu, na Bwana Z ana haki ya kugombea kama raia mwingine yeyote. Akaongeza kwamba, kwa miaka yake yote mahakamani, mawakili walioshindwa vizuri namna ile aliweza kuwahesabu kwa vidole. Basi nje kukageuka harusi. Ngoma ilitoka wapi hakuna aliyejua.

Ernestine alibaki mezani, akikusanya karatasi ambazo hakuzihitaji. Akaona koti la kahawia linakuja, likaketi kwenye kiti cha Malale.

"Baba, nisamehe. Sarafu ndiyo ilini..."

"Ule mwanya kabla ya makaburi," Méthode akasema, "nani amekufundisha?"

"Wewe."

Méthode akatikisa kichwa, akafungua kifungo kimoja cha koti. Akatazama mlangoni ambako watu walikuwa wanacheza.

"Lile neno," alisema hatimaye, "tangu siku ya ule mkutano ninalo. Nikilima linakuja. Nikila linakuja. Na mimi ninalijibu, unanijua, ninalijibu kila namna. Lakini kila nikimaliza najiambia, Méthode, hawa lazima wana sababu nyingine ambayo hawajakutajia. Kubwa. Mtu hawezi kusema vile, kwa utulivu ule, kama hana kitu kikubwa mkononi." Akamgeukia. "Leo umezitoa zote?"

"Zote. Nimetafuta maktaba nzima."

"Hakuna uliyonificha kwa kunihurumia?"

"Nilitaka kukuficha," Ernestine akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Mwanzoni. Umeniona mwenyewe. Lakini sikuficha hata moja, Baba. Hakuna nyingine."

Méthode akaziwaza, moja moja. Midomo yake ilionekana ikizipitia. Urais. Cheti. Maslahi. Makaburi. Kisha akaanza kucheka, kwanza tumboni, halafu mabegani, akacheka mpaka akalazimika kushika meza.

"Kumbe yalikuwa hayo tu!" alisema. "Mwana wanje, mwanangu, miaka yote hii. Kumbe yalikuwa hayo tu!"

Ernestine naye akacheka, pua ikimchuruzika, akajifuta kwa joho la kukodi. Méthode akasogeza kiti karibu, akainamisha kichwa, akauliza kwa sauti ya mtu anayefanya mipango.

"Hizo fomu za uenyekiti, zinaanza kutolewa lini?"

Kabla hajajibiwa, Thacienne alitokeza mlangoni, kitenge kimelegea kwa kucheza. "Nyie mnafanya nini humo? Kirikuu kinaondoka!"

"Kiondoke," Méthode akamjibu. "Mgombea bado anazungumza na wakili wake."

Thacienne alimtazama mumewe, akamtazama binti yake, akamtazama tena mumewe. Kirikuu kikapiga honi mara ya pili. Alikipungia mkono kiende, akaja akaketi pamoja nao.